Mlinzi wa Mlango wa Uani

Mlango wa uani katika nyumba ya Bwana Aziz ulianza kutoka maji mwezi wa Oktoba, wakati Tunduma nzima ilikuwa inagombania maji ya ndoo. Hayakutoka kwenye bomba wala ukutani. Yalitoka kwenye kizingiti, kile kipande kirefu cha mti mweusi kilicholala chini mlangoni, na yalitoka mchana, jua likiwa la utosi.

Zuleha ndiye aliyeyaona kwanza, kwa sababu yeye na binti yake Fauzia ndio waliotumia mlango ule. Mlango wa mbele ulikuwa wa Bwana Aziz, mke wake, watoto wake na wageni. Hakuna mtu aliyewahi kuwakataza mama na binti kupita mbele. Walikuwa hawapiti tu, kama mama yake Zuleha alivyokuwa hapiti, na bibi yake kabla ya hapo.

Alifuta maji kwa tambara. Kesho yake yakarudi. Tone lilimrukia mdomoni, akalitema. Lilikuwa na chumvi, si ile ya dukani, ni ile chungu ya bondeni kule Ivuna, yenye ladha ya tope.

"Fauzia! Umemwaga nini hapa?"

"Sijamwaga kitu, mama. Hata mimi jana nimeyaonja."

"Unaonja maji ya chini? Una akili wewe?"

"Na wewe umejuaje yana chumvi?"

Zuleha alimpiga kwa lile tambara, na binti akakimbilia jikoni akicheka.

Kizingiti kile kilikuwa kikongwe kuliko nyumba. Babu yake Bwana Aziz, mzee Salehe, alikuwa mfanyabiashara bondeni tangu zamani za Mjerumani, karibu na mashimo ya chumvi. Enzi za ruksa zilipofika na biashara ya mpakani ikafunguka, watoto wake walihamia Tunduma kufuata malori. Waliacha kila kitu katika nyumba ya zamani isipokuwa kizingiti hicho. Baba yake Aziz aliagiza kiwekwe mlango wa uani, na mafundi walipomuuliza sababu, aliwaambia wafanye kazi waliyolipwa.

Watu mjini walimwita Bwana Aziz "Mwarabu", kwa rangi yake na pua yake, naye alipenda. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na malori yake, alitania kila mtu, na Zuleha akiugua alimpeleka hospitali kwa gari lake mwenyewe. Lakini Zuleha hakuwa na mshahara kama wasichana wa kazi wa nyumba nyingine. Alilishwa, alivishwa, na siku ya Idi alikula uani baada ya wenye nyumba kumaliza. Wageni wakiuliza yeye ni nani, jibu lilikuwa moja: "Huyu ni mtu wetu." Na watu wazima walielewa, wakageukia mazungumzo mengine.

Fauzia hakuelewa mpaka alipokuwa darasa la saba. Msichana mmoja aliyegombana naye shuleni alimwambia mbele ya wenzake, "Nyie bibi zenu walinunuliwa." Alirudi nyumbani akamkuta mama yake anachambua mchele.

"Mama, sisi ni ukoo gani?"

"Sisi ni watu wa hapa."

"Hapa si ukoo. Wenzangu wote wana ukoo. Hata wale Wasukuma waliokuja juzi na ng'ombe wana ukoo."

Zuleha aliendelea kuchambua mchele ambao ulikuwa umekwisha kuwa safi.

Mwezi wa Desemba matokeo yalitoka. Fauzia alikuwa amechaguliwa kwenda shule ya bweni ya wasichana, Mbeya. Bwana Aziz alifurahi kwa kweli. Alimnunulia tranka jipya la bluu, akalipigapiga kwa kiganja mbele ya watu wote.

"Haya, mwanasheria wangu! Ukirudi na joho usije ukanishtaki."

"Sikushtaki, Bwana Aziz. Nitakutetea kwa wale wa forodha."

Aziz alicheka mpaka akakohoa.

Siku ya safari, mwezi wa Januari, kijana wa bodaboda aitwaye Jonasi alikuja kulichukua tranka. Alilifunga kwa mpira nyuma ya pikipiki, akapiga honi.

"Dada, basi la Mbeya halina mjomba. Njoo twende, au unamlilia mchumba jikoni?"

"Mchumba gani? Na mkono wako huo wa kuangusha mizigo, angalia tranka langu," Fauzia akajibu. Alimbusu mama yake, akataka kunyanyua mguu avuke kizingiti.

Mguu haukunyanyuka.

Fauzia aliutazama kama mtu anayetazama kitu cha mwenzake. Aliuvuta kwa mikono miwili. Ndipo Zuleha aliposikia, chini ya kelele za malori barabarani, mlio wa chuma kizito kinachoburuzwa juu ya udongo, polepole, kutoka mlangoni kuelekea ndani, na binti yake akaanguka kifudifudi na kuburuzwa nyuma mpaka katikati ya ua ingawa hapakuwa na mtu aliyemshika. Kifundo cha mguu wake wa kulia kilikuwa na alama ya mviringo, nyeusi, kama mtu aliyevaa pete ya moto.

Jonasi alilifungua tranka kutoka kwenye pikipiki, akaliweka chini taratibu, akaondoka bila kudai nauli.

Walimpeleka hospitali, na hapo jambo likazidi kuwa la ajabu, kwa sababu alivuka mlango bila shida yoyote. Daktari hakuona mfupa uliovunjika. Walirudi. Kesho yake Bwana Aziz mwenyewe akasema atampeleka Mbeya kwa gari, apitie mlango wa mbele. Fauzia alianguka sebuleni kabla ya kuufikia, na alama ikapanda mpaka gotini.

"Akitoka kwa kurudi, kinamwacha," Zuleha alisema kwa sauti ndogo. "Akitoka kwa kwenda zake, kinamshika."

Alipolisema hilo alikumbuka mambo ambayo hakuwahi kuyaweka pamoja. Mama yake, Stamili, alichumbiwa na mtu wa Vwawa, akaanguka mlangoni siku ya kupelekwa kwa mumewe, na mume ndiye aliyehamia uani. Kaka yake, Bashiri, aliapa kuhamia Zambia. Aliruka ukuta. Walimkuta stendi ya Nakonde, ng'ambo tu ya mpaka, amekaa wima kwenye benchi, mguu umevimba kama gogo, amekufa, uso umegeukia Tunduma. Na yeye Zuleha, mtu mzima mwenye nguvu zake, hakuwahi kujaribu kuondoka hata siku moja, wala hakuwahi kujiuliza kwa nini.

Alimwita Maalim Habibu, mganga kutoka Kigoma aliyeishi nyuma ya maegesho ya malori. Maalim alikuja mchana, kwa sababu alisema kilicho mlangoni ni cha mchana. Alionja yale maji kwa ncha ya ulimi, akafunga macho.

"Huyu si jini wa kuokota njiani, mama Fauzia. Huyu ameajiriwa."

Alimkalisha Fauzia kwenye mkeka, akawasha ubani, akaanza kusoma. Malori yalikuwa yamezima injini barabarani kungojea foleni ya forodha, na jua lilikuwa limesimama juu ya ua, hakuna kivuli hata cha kuku. Harufu ya ubani ikaondoka ghafla, kama mtu ameipuliza, ikaja nyingine, ya chumvi mbichi na chuma chenye kutu na jasho la watu wengi waliofungiwa mahali pamoja, ikajaa uani mpaka Zuleha akaziba pua kwa khanga. Kidevu cha Fauzia kiliinuka. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamume, ya utaratibu, isiyo na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha Zuleha kuliko kelele yoyote.

"Nani anamwita mlinzi?"

"Mimi Habibu. Nani aliyekuweka?"

"Salehe. Alininunua nimlindie watu wake. Akaniambia: Faida na kizazi chake, atakayevuka kwa nia ya kutorudi, mshike."

"Salehe amekufa zamani."

"Amekufa. Hakunifungua."

Zuleha alilijua jina la Faida. Alikuwa mama wa bibi yake, na ndiyo habari yote aliyokuwa nayo.

"Utaondoka kwa nini?" Maalim akauliza. "Kwa mbuzi? Kwa damu ya kuku?"

"Sili. Mimi nalinda." Sauti ikaendelea, kama karani anayekumbuka utaratibu. "Mwenye damu ya Salehe simshiki, sina ruhusa. Salehe alisema mtoto wa Faida si wake, ndiyo maana nawashika. Kama ni wake, mwenye damu yake aje asimame hapa, mbele ya mashahidi wawili, aseme kwa kinywa chake: hawa ni ndugu zangu. Siku hiyo nitaondoka."

"Na wewe hujui kama ni kweli?"

"Siulizi. Mimi nalinda."

Fauzia akaanguka ubavu, akalia kwa sauti yake ya kitoto. Maalim alimfunika kwa shuka. Alimwambia Zuleha, wakiwa wamejificha nyuma ya jiko kana kwamba kule hawasikiki:

"Katafute, mama. Tafuta watu wanaomjua Faida. Bila ushahidi Bwana Aziz hatakusikiliza, nami sina dawa ya neno ambalo halijasemwa."

Shule ilikwishafunguliwa. Mkuu wa shule alituma habari kuwa nafasi itangojea mpaka mwisho wa mwezi tu.

Zuleha hakujua pa kuanzia, akaanza sokoni. Kina mama wanaoleta maharage na ulezi hutoka kila upande, Unyiha, Unyamwanga, Undali, mpaka kule chini kwa wafugaji. Aliwakalia mmoja mmoja akiuliza kama kwao kuliwahi kupotea msichana, zamani, kwa wafanyabiashara wa chumvi. Alidhani atatafuta ukoo uliopoteza mtoto. Alikuta kila ukoo umepoteza. Huyu dada wa babu yake alichukuliwa akichota maji. Huyu shangazi watatu kwa siku moja. Mama mmoja wa Galula alianza kusimulia akashindwa kumaliza, akamfungia Zuleha maharage bure.

Kilichomsaidia ni jambo dogo. Siku moja alipika ugali wa ulezi pale pale sokoni, na kabla ya kupakua, aliweka kijiko cha kwanza juu ya jiwe la jiko, akakiacha. Alifanya hivyo siku zote, kwa sababu mama yake alifanya. Mwanamke wa pembeni akashika mkono wake.

"Nani amekufundisha hivyo?"

"Mama."

"Na yeye?"

"Bibi."

"Hiyo ni ya watu wa kina Nanyangwe, wa kijiji cha Ndalambo. Hakuna wengine wanaofanya hivyo. Kile kijiko ni cha mtu ambaye hajarudi."

Alikwenda Ndalambo kwa gari la mizigo na pikipiki, matope yakimfika magotini. Walimwelekeza kwa Bibi Roda, mwanamke mzee sana aliyekuwa ameketi barazani anapura maharage kwa fimbo. Zuleha alipiga magoti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Unatoka kwa nani?"

Zuleha alitaka kusema, akakosa. Akamweleza tu habari ya kijiko. Fimbo ya Bibi Roda ikasimama hewani. Alimtazama usoni kwa muda mrefu, kisha akaita watu wa nyumba, akasema kwa Kinyamwanga maneno ambayo Zuleha hakuyaelewa, na wanawake wakatoka ndani wakaanza kumshikashika mikono, mabega, masikio, kama watu wanaokagua kitu kilichoibwa kikarudishwa.

Bibi Roda alimsimulia. Msichana aliitwa Nanyangwe, dada wa bibi yake yeye Roda. Alichukuliwa akiwa bado mdogo, na kule kwa Salehe wakamwita Faida. Kwao mtu akifa, ndugu mmoja hurithi jina lake ili asipotee. Jina lake yeye halikurithiwa, kwa sababu hakuna aliyemwona amekufa. Lilikuwa linaning'inia mpaka leo.

"Lakini alirudi mara moja," Bibi Roda akasema. "Alitoroka na mtoto mchanga mgongoni, wa kike."

"Bibi yangu. Mwanakombo."

"Wazee walimficha. Salehe akaja mwenyewe. Hakuja na bunduki, alikuja na maneno. Alisimama mbele ya wazee akasema: mtoto huyu ni wangu, nimemzaa mimi, na huyu ni mama wa mtoto wangu, mnanidhulumu. Wazee wakasema, basi, ni mkwe, hatuwezi kumnyima baba mtoto wake. Wakamtoa." Bibi Roda aliifuta midomo yake. "Mama yangu alikuwapo, msichana mdogo. Alisema Nanyangwe hakulia. Alimtazama kila mzee mmoja mmoja. Walipofika bondeni, Salehe akakana kuwa aliwahi kusema hivyo. Akanunua yule mlinzi ili asisumbuke tena kuja kuongea. Mwanangu, ndiyo maana tunaweka kijiko. Si kwa sababu alichukuliwa. Ni kwa sababu sisi tulimtoa."

Zuleha alirudi Tunduma na Bibi Roda kwenye gari moja, mzee amejifunga khanga kichwani na biblia yake kifuani. Aliamini kazi imekwisha. Alikuwa na majina yote, mmoja baada ya mwingine, kutoka kwa msichana wa Ndalambo mpaka kwa binti yake, na alikuwa na shahidi.

Bwana Aziz alimsikiliza mpaka mwisho, sebuleni, amekaa kwenye kochi. Hakubisha. Zuleha alitegemea abishe.

"Shangazi yangu aliniambia nikiwa kijana," alisema hatimaye, akitazama mlango kama kuna mtu anasikiliza. "Sote tunajua, Zuleha. Ulifikiri hatujui?"

"Basi njoo useme. Neno moja tu, Bwana Aziz. Mtoto aende shule."

"Unajua wiki ijayo kuna nini? Wakwe wanatoka Dar kuja kumposa binti yangu. Watu wa nasaba, wanauliza mpaka babu wa saba. Leo niwaambie nina ndugu jikoni? Kwamba mama yako alikuwa binamu yangu, na alinifulia nguo mpaka akafa?"

"Alikufulia kweli."

"Nimewalea! Nimemnunulia mtoto tranka!"

"Ndiyo, bwana."

Aziz alishika kichwa. Kisha akasema atakuja, na Zuleha akambusu mkono, jambo ambalo baadaye alilikumbuka kwa uchungu.

Walikutana uani Ijumaa baada ya sala, jua la utosi. Maalim Habibu alikuwa shahidi mmoja, Bibi Roda wa pili. Fauzia alilazwa kwenye mkeka. Alama sasa ilikuwa imefika kiunoni na alikuwa haongei tena ila kuomba maji, na akipewa alisema yana chumvi. Maalim hakuhitaji hata kusoma. Kidevu kikainuka chenyewe.

"Nani amekuja?"

Bibi Roda akasema, sauti ikimkatika, lakini akasema yote, Nanyangwe, wazee, maneno ya Salehe, na wakati anasema, kizingiti kilikuwa kinatoa maji kwa wingi ambao hakuna aliyewahi kuuona, yakitambaa juu ya sakafu mpaka miguuni pa Bwana Aziz, na ndani ya ukuta kulikuwa na sauti za watu wengi wakivuta pumzi kwa pamoja, kama watu waliokuwa wamelala wakasikia ufunguo unaingizwa mlangoni.

"Nimesikia," sauti ikasema. "Sasa mwenye damu aseme."

Bwana Aziz alisogea. Alikuwa amevaa kanzu safi. Siku zile za kungoja Ijumaa alikuwa ameongea na rafiki yake mmoja msikitini, bila kumtajia watu, akaambiwa kwamba hakuna jambo lenye thawabu kubwa kama kumwacha mtu huru. Alilishika hilo kwa furaha, kwa sababu lilimpa njia ya kutenda wema bila kutaja undugu. Zuleha aliuona uso wake ukiwa na nuru ya mtu anayejiandaa kutoa sadaka, naye akaogopa kabla hajajua sababu.

"Mimi Aziz, mjukuu wa Salehe," alisema kwa sauti ya kusikika, "nawaacha huru Zuleha na Fauzia kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Kuanzia leo si watumwa wa nyumba hii. Waende popote."

Maji yakasimama. Pumzi ndani ya ukuta zikakatika zote kwa pamoja.

"Hapana," Maalim alinong'ona. "Hapana, Bwana Aziz, si hilo, sema lile lingine, sema haraka..."

"Tangu Salehe afe," sauti ikasema polepole, "sikuwa na bwana. Nilikuwa na neno tu, na neno lilikuwa linachakaa. Lilikwisha kufika kwa huyu mtoto likiwa jembamba kama uzi. Sasa amekuja mtu aliye hai, mwenye damu ile, akasema mbele ya mashahidi wawili kwamba hawa walikuwa mikononi mwake."

"Nimewaacha!" Aziz akapiga kelele. "Nimesema nimewaacha!"

"Neno la kuwaacha sikufundishwa kulipokea. Nilifundishwa moja la kuondokea, na hilo hukulisema. Hili nimelipokea kama lilivyo. Karibu, bwana."

Na Fauzia, ambaye kwa siku nyingi hakuweza kusimama, aliinuka wima, akaenda mbele ya Bwana Aziz, akapiga magoti, akaanza kumvua viatu.

Maalim Habibu alikusanya ubani wake bila kumwangalia mtu. "Nilikuwa napambana na marehemu," alimwambia Zuleha mlangoni. "Sasa mlinzi ana bwana anayepumua. Nisamehe, mama." Bibi Roda alikataa kuondoka mpaka jioni, akashindwa kula, akarudishwa Ndalambo.

Kuanzia siku ile Fauzia alitembea, alikula, alifua. Bwana Aziz akifungua mlango wa chumba chake alimkuta ameketi nje, mikono magotini, macho wazi, anangoja kutumwa. Akimfukuza, alihamia mlango wa pili. Akimwambia "nenda shule," alisema "ndiyo, bwana," akaenda mpaka kizingitini, akageuka, akarudi. Mwisho wa mwezi ukafika ukapita, na nafasi yake akapewa mwingine.

Wakwe walikuja Jumapili ya wiki iliyofuata, alasiri, wazee watatu wenye kofia za kudariziwa. Fauzia aliingia sebuleni na sinia la kahawa ingawa hakuna aliyemtuma. Mzee mmoja alimtazama sana, kwa sababu alikuwa amefanana na bibi arusi kwa macho na kipaji cha uso, na akauliza kwa upole:

"Na huyu binti ni nani?"

Zuleha alikuwa mlango wa jikoni. Alimwona Bwana Aziz akimtazama Fauzia, yule mtoto aliyekuwa akimtania kuhusu wale wa forodha, ambaye sasa alikuwa amepiga magoti na kumimina kahawa bila kumwaga tone. Aziz alisimama. Alikuwa amekonda, hakuwa amelala siku nyingi.

"Ni damu yangu," alisema. Akasema tena kwa nguvu, mbele ya wazee wote watatu, machozi yakimshuka. "Babu yangu ndiye babu wa bibi yake. Mama yake, yule pale, ni ndugu yangu. Hawa ni ndugu zangu!"

Zuleha alishika mwimo wa mlango.

Fauzia aliweka birika chini. Akainamisha kichwa kwa adabu, na sauti ile ya mwanamume, ndogo, iliyosikiwa na Aziz na Zuleha tu, ikasema, "Ndugu ndilo neno la kuondokea, na lilitakiwa ulipokuwa mwenye damu tu. Wewe sasa ni bwana. Bwana akisema, kwangu ni amri, na amri ya kuondoka sikufundishwa kuipokea."

Wazee wa Dar walikuwa wanatazamana. Mmoja aliuliza kofia yake iko wapi, ingawa alikuwa ameivaa.

Zuleha hakungoja waage. Alimshika binti yake mkono, akampitisha jikoni, wakafika mlango wa uani. Alivuka yeye kwanza, na hakushikwa, kwa kuwa bila binti yake asingekwenda popote, akavuta. Alivuta kwa uzito wote wa mwili wake.

"Mama," Fauzia akasema, kwa sauti yake mwenyewe, "unaniumiza tu."

Wakaketi pale, mmoja ndani mmoja nje, kizingiti katikati yao. Kikavu sasa. Jua lilikuwa linazama upande wa Nakonde na adhana ya magharibi ilikuwa bado. Zuleha hakujua cha kumpa mtoto. Alikuwa na kitu kimoja tu alichokitafuta mwenyewe kwa miguu yake, akaamua kumpa hicho. Akamwambia, "Uliniuliza ukoo wetu. Sikiliza, nikutajie watu wako."

"Nanyangwe," alisema.

"Yupo," kikajibu kitu chini ya mti wa kizingiti, kwa utaratibu ule ule.

Zuleha alisita. Lakini binti alikuwa anamtazama, kwa hiyo aliendelea.

"Mwanakombo."

"Yupo."

"Stamili."

"Yupo."

"Bashiri, mjomba wako." Sauti yake ilikuwa imeshuka mpaka haisikiki.

"Yupo."

Ndipo alipoelewa zile pumzi ndani ya ukuta zilikuwa za nani. Alifunga mdomo wake kwa kiganja ili jina la mwisho, la binti yake, lisitoke. Ukimya ukangoja, bila haraka. Na Fauzia, akiwa amenyoosha mgongo na mikono juu ya magoti kama alivyokuwa akikaa darasani mwalimu akiita mahudhurio, akaitikia mwenyewe:

"Nipo."